Mwalimu Januari na Alama ya Jicho Lililofumba

Mwalimu Januari Masunga anastaafu tarehe 30 Novemba mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha hisabati na kompyuta. Mingi ya miaka hiyo ameitumia hapa shuleni kwetu, karibu na machimbo ya Mwakitolyo. Kila shati lake lina mfuko mweupe kwa sababu ya chaki.

Kazi tutakayomkumbukia zaidi ni lugha. Si ya kusema, ni ya kuchora: alama chache na kanuni za kuziunganisha, ili mchimbaji achore duara lake, yaani shimo lake la dhahabu, kwenye kompyuta, nayo imwonyeshe penye hatari. Alama hizo Mwalimu hakuzitunga kichwani. Aliwaomba wachimbaji wachore wenyewe, ardhini, kwa kijiti. Sisi wa Klabu ya Kompyuta tulipiga picha na kutafuta kilichojirudia: ngazi, kamba, taa, njia ya hewa. Jioni, uwanja uliojaa michoro ulikuwa kama mji uliolala chali ukitazama mawingu.

Lugha ilipokamilika, Zamoyoni, mwenye duara mojawapo, alichora handaki alilotaka kulichimba kuelekea mashariki. Kompyuta ikasema ni salama. Vijana wake wangeshuka kesho yake. Mama Limi, anayeponda mawe hapo jirani, akachungulia kioo.

"Na la Stanslaus mmeliweka wapi?"

Duara la Stanslaus liliachwa zamani, limejaa maji, na liko mashariki hukohuko.

"Mliniuliza langu," Zamoyoni akasema. "La mwenzangu nilichore mimi kama nani?"

Ni kweli. Machimboni mtu hachori duara la mwenzake. Mifano yetu yote ilikuwa ya maduara yenye watu, kwa hiyo lugha yetu haikuwa na namna ya kutaja shimo lililoachwa. Mwalimu aliketi palepale vumbini.

"Tumeomba mifano ya kuchimba tu, wanangu," alisema. "Ya kutochimba hatukuomba."

Akampigia simu Stanslaus, ambaye siku hizi anauza mchele Kahama. Kesho yake, kabla vijana hawajashuka, alikuja na basi la kwanza, akachora duara lake mwenyewe: tao moja, kama jicho lililofumba. Hiyo ikawa alama mpya. Zamoyoni alipochora tena, handaki lote likawa jekundu. Aligeukia magharibi, na vijana wake wote tunao hadi leo.

Tangu hapo, tukipita machimboni, tunakanyaga polepole. Tunahisi macho ya maduara yaliyoachwa yako chini yetu, yanaota mvua.

Wiki iliyopita tulichora ramani ya shule kwa lugha hiyo, tukabishana kuhusu chumba cha Mwalimu. Kitakuwa kitupu, na kanuni inataka jicho lililofumba. Mama Limi, aliyetuletea karanga, alitucheka.

"Mtu anahamia Geita tu, mnamfumba macho? Wekeni taa, nyie!"

Tumeweka taa. Asante, Mwalimu. Ukapumzike vyema huko kwenu, uote utakavyo. Sisi tutaendelea kuuliza kile ambacho hakijachorwa.