Fundi Anayemwonea Mungu Wivu

Benchi lilikuwa la mbao tatu, limeegemea ukuta wa saluni, na mbele yake Fundi Viatu alikuwa na kigoda chake, gundi yake na kopo la misumari. Birika la kahawa lilikuwa la kinyozi mwenye saluni. Huyo, kwa kuwa anashika vichwa vya watu kutwa nzima, aliamini anajua na kilichomo ndani yake, ndiyo maana wakamwita Profesa. Wa tatu alikuwa dereva mstaafu wa lori, aliyeitwa Breki kwa sababu mdomo wake hauna. Asubuhi hiyo Fundi alikuwa ameshika kiatu cha mkewe na hakigongi, anakitazama tu. Kilikuwa kimechubuka kwenye ncha, na fundi yeyote anajua kwamba kiatu kikichubuka pale, mwenyewe anapiga magoti sana.

— Miezi mitatu sasa, akasema. Kila asubuhi kanisani. Anarudi anaimba. Anaosha vyombo anaimba. Jana sufuria imeungua, akaicheka!

— Sufuria? akauliza Breki.

— Akaicheka, nakwambia. Zamani sufuria ikiungua, naungua nayo mimi.

— Sasa shida iko wapi?

Shida ni kwamba mke alikuwa amemwambia, "Jumapili twende wote, nipe jibu leo jioni." Na Fundi, mtu mzima mwenye mvi za kutosha, alikuwa anaona wivu. Alikuwa anamwonea Mungu wivu, na aibu yake ilikuwa kubwa kuliko wivu wenyewe. Akawaambia hivyo hivyo, bila kuzungukazunguka.

Breki alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani.

— Pole, ndugu yangu. Angekuwa mwanaume mwenzio ungemvizia njiani mkamalizana. Huyu utamvizia wapi?

— Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Dini inampa mtu furaha, au inamnyang'anya? Kama inampa, naenda. Kama inamnyang'anya, namwambia na yeye abaki nyumbani.

— Inampa, akasema Profesa palepale. Nina ushahidi wa vichwa. Kichwa cha mtu wa sala kimelegea, mashine inateleza yenyewe. Cha asiyesali, mashine inarukaruka.

— Na changu je? akauliza Breki.

— Chako ni upara. Hakimo kwenye utafiti.

— Basi nisikilize mimi mwenye upara. Nilivyostaafu lori nikastaafu na kusali, na tangu siku hiyo nalala fofofo. Zamani nikikosea nageukageuka kitandani mpaka kunakucha. Siku hizi nikikosea najifunika shuka.

— Hiyo siyo furaha, bwana. Huo ni usingizi.

— Vina tofauti gani? Halafu huyu shemeji wetu siri yake ni kuimba tu. Ukiimba kwa nguvu kifua kinapanuka, hewa inajaa, huzuni inakosa pa kukaa. Hata ukiimbia ndani ya ndoo utatoka umeokoka!

Hakusubiri kubishiwa. Alinyakua ndoo tupu ya saluni, akaingiza kichwa chote, akaimba. Mteja mmoja akachungulia mlangoni na shuka shingoni, amenyolewa upande mmoja, kuangalia nani anakufa.

— Rudi ukae, Profesa akamwambia. Nakuja. Tuko kwenye jambo zito.

— Unajisikiaje? Fundi akamuuliza Breki alipoibuka.

— Kizunguzungu. Lakini kizuri.

Profesa hakukubali kupitwa.

— Mmepotea wote. Furaha ya nyumba ni tanki moja lenye mabomba mawili. Shemeji amefungua la kwake mpaka mwisho. La kwako, Fundi, linatoa hewa.

Fundi akanywea. Miezi mitatu hii, kwa kweli, alikuwa anatoa hewa tu.

— Sasa nifanyeje?

— Nenda naye Jumapili ukakinge na wewe.

— Wapi! akadakia Breki. Atafute dini nyingine. Kila mtu awe na tanki lake, halafu waunganishe mipira ya maji sebuleni!

— Na huko nako nikikosa?

— Unahama tena. Dini ziko nyingi, na wewe viatu vya kutembelea hukosi.

Wote wakaangua kicheko, hata Fundi, hata mteja wa nusu kichwa huko ndani. Hawakumwona muuguzi aliyekuwa amesimama hapo, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, kisigino kimeng'oka.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, binti. Kaa, Fundi akugongee.

Akakaa pembeni ya benchi. Fundi akaanza kugonga.

— Baba, samahani, nimewasikia bila kutaka. Kwa hiyo mama siku hizi anacheka?

— Sana!

— Na wewe mwenyewe, mara ya mwisho kumchekesha ilikuwa lini?

Nyundo ikasimama. Fundi alifungua mdomo akiwa na hakika jibu lipo. Akatafuta mwezi huu, akatafuta mwaka jana, akarudi nyuma mpaka harusi ya shemeji yake. Kucheka, mkewe alicheka mara nyingi, na dada yake, na jirani, na sufuria. Na yeye Fundi, hata mara moja hakuna. Ikamuuma vibaya. Akamgeukia Profesa, lakini Profesa alikuwa ghafla anapuliza nywele kwenye mashine yake.

— Binti, akasema Breki kwa sauti ndogo, hilo gumu. Tuulize la Mungu.

Fundi alimaliza kisigino, akamkabidhi muuguzi kiatu, akainuka.

— Unakwenda wapi? Jioni bado!

— Nyumbani.

— Kumpa jibu?

— Jibu baadaye. Kuna kitu nataka kujaribu kwanza, kabla sijaogopa.

— Kitu gani?

— Sijui.

Akaondoka na aproni yake, mbiombio. Mtaa mzima ulimwona akijaribu sura, mara anavimbisha mashavu, mara anapindisha mdomo, anaacha hii, anachukua nyingine, mpaka akafika mlangoni kwake, akapiga hodi.