Mtu Aliyefagia Umande: Maisha ya Mzee Nicodemus Ogola, 1961–2025

Wasifu huu umeandikwa na binti ya marehemu, Maryanne, mwalimu kule Nyamasaria, na ndiye anayeusoma. Familia ilimwomba aandike ukurasa mmoja mtulivu. Ukurasa ameuandika. Utulivu umemshinda, na sababu mtaisikia.

Mzee Nicodemus Ogola alizaliwa tarehe 9 Aprili 1961 hapa Kisian, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Zedekia na Mama Peres. Mvua za masika zilikuwa zimekatika ghafla, kisha zikarudi na mawe siku hiyo hiyo. Nyanya yake alisema mtoto wa siku kama hiyo hataiamini mbingu kamwe, na hakukosea. Watu wakisema dalili ya mvua ni mawingu, yeye alikuwa akisema mawingu ya ziwani yana uongo mwingi, afadhali uulize nyasi.

Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani hadi darasa la saba, mwaka wa 1976. Karo ya sekondari haikupatikana. Lakini alitoka shuleni na tabia moja ya maisha yote: kila asubuhi aliandika kwenye daftari jinsi siku ilivyoamka. Umande mzito au mwepesi, upepo wa ziwani au wa milimani, usiku wa joto au wa baridi. Daftari hizo ziko arobaini na tatu, na panya wamekula mbili tu.

Mwezi wa Februari 1979 aliajiriwa katika klabu moja ya gofu upande wa mjini, akikata nyasi kwa fyekeo na kupanga chumba kimoja Kaloleni. Mwaka 1993 alifanywa msimamizi wa grini zote, yaani zile sehemu laini zenye shimo, ambapo nyasi hunyolewa fupi hadi mpira uteleze. Nyasi fupi namna hiyo ni dhaifu kama mtoto mchanga. Usiku ukiwa na joto na majani yakakaa na maji hadi jua lichomoze, kuvu inaingia, ile ile inayoota kwenye mkate uliosahaulika. Yanatokea maduara ya rangi ya kahawia, leo moja, keshokutwa kumi.

Dawa ya Mzee ilikuwa kuamka mapema kuliko kuvu. Kabla jua halijachomoza alivua viatu, kwa kuwa hakuamini viatu vya mtu yeyote, hata vyake, kwamba havibebi ugonjwa. Kisha alishika mwanzi mrefu wa mita nne na kuupitisha juu ya nyasi, kushoto kulia, kuuangusha umande. Hata likizoni alifanya hivyo hivyo kwenye nyasi za boma hili.

Sasa nyinyi mfikirie jirani anayekwenda msalani asubuhi hiyo ya giza giza, amwone mtu mzima, miguu mitupu, suruali imekunjwa magotini, anachapa ardhi kwa fimbo ndefu bila kusema neno. Jirani hakuuliza. Jirani alirudi kitandani na jina tayari: jajuok, yaani mchawi. Mkimbiaji wa usiku, msumbufu wa milango ya watu. Maryanne alilisikia jina hilo akiwa darasa la nne, msichana mwenzake alipokataa kukaa naye dawati moja.

Tarehe 14 Desemba 1985 Mzee alimwoa Mama Dorca. Siku ya kwanza kwenda kwa wakwe, kabla ya kusalimia, alipiga magoti akanusa nyasi za uwanja wao. Baba mkwe alimwita Dorca kando. "Nyara, binti yangu, huyu bwana anatafuta nini kwangu? Amezika kitu?" Mama Dorca anasema hata yeye alishuku kidogo, lakini alipenda jinsi alivyonawa mikono baadaye. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Machi 2018 klabu ilileta meneja mpya wa viwanja, Bwana Wasike. Kulikuwa na mashindano makubwa Aprili na Bwana Wasike alitaka grini ziwe kijani cha kung'aa. Akaagiza mbolea ya kukuza imwagwe kwa wingi, na maji yafunguliwe jioni, wakati masika yako mlangoni. Mzee alimwambia, "Bwana, unawalisha hao watoto wanono halafu unawalaza na nguo mbichi." Hakusikilizwa. Wiki mbili baadaye grini namba saba ilijaa maduara. Na kwenye umande, nyayo za miguu mitupu.

Nyayo zilitosha. Lisemwalo lipo, walisema, na wafanyakazi wanaotoka huku kwetu walikuwa wameshalisema. Mzee aliambiwa akae nyumbani uchunguzi ufanyike. Alipoondoka hakuna aliyefagia umande, grini kumi na moja zikaugua, na badala ya kuelewa, watu wakasema sasa anaroga kutoka Kisian. Ukifika hapo huna pa kujitetea. Ukiwepo ni wewe, usipokuwepo ni wewe zaidi.

Maryanne alikuja nyumbani wiki hiyo. Alikuwa na miaka ishirini na minane, ana cheti cha ualimu, na bado alimwuliza baba yake, "Baba, ni kweli?"

Mzee hakukasirika. Alimpa mwanzi. "Shika, nyathina. Fagia nusu ya uwanja. Nusu nyingine uache. Usiniamini mimi, hesabu asubuhi."

Alihesabu asubuhi kumi na mbili. Nusu iliyofagiwa ilibaki kijani. Nusu nyingine iliota maduara.

Mzee alipoitwa mbele ya kamati ya klabu hakubeba Biblia ya kuapia. Alibeba daftari, akawapeleka grini namba saba. "Angalieni. Maduara imefuata mistari ya mashine ya kukata nyasi. Mchawi gani huyu anatembea kwa mstari ulionyooka, na anageukia pale pale mashine inageukia?" Mashine ilikuwa ikitoka kwenye nyasi gonjwa hadi nzima bila kuoshwa. Jumatatu wakampigia simu arudi kazini. Hakuna aliyesema pole, na hakuna aliyekuja Kisian kuwaambia majirani.

Maryanne naye hakuwaambia. Aliona kwa macho yake, akarudi Nyamasaria, akanyamaza miaka saba. Aliona aibu kulitaja hilo jina, akaliacha limkalie baba yake. Hilo analitubu leo mbele yenu.

Mzee alistaafu mwaka 2021. Presha ilimwandama, kisha figo, na tarehe 24 Aprili mwaka huu alilazwa hospitalini mjini. Kila asubuhi alimwuliza Mama Dorca umande ukoje. Daktari akitoka kitanda cha jirani kuja kwake, alimtazama mikono. "Umeosha, daktari?" Alifariki Jumanne tarehe 13 Mei 2025, saa kumi na mbili na robo asubuhi, saa ya kazi yake.

Siku zile zote za hospitali boma hili halikuwa na mfagiaji, na haya ni masika. Mmeona maduara kwenye nyasi. Tumewaona mkisogeza viti kuyakwepa. Mmemwona pia Maryanne, tangu tarehe 14, kabla ya jua, miguu mitupu, na mwanzi. Tunajua mnong'ono umeshaanza: hiyo kitu hurithiwa. Ni kweli, amerithi. Lakini amefagia upande wa kushoto tu, upande wa jikoni. Kulia hakugusa. Kabla hamjaenda kaburini, tafadhali piteni pande zote mbili, mwangalie chini. Msimwamini yeye. Hesabuni.

Mzee ameacha mjane, Mama Dorca, watoto Calvince na mkewe Kageha, Maryanne, na Celestine, wajukuu watano, na ndugu yake Mzee Ochieng.

Baba, umechelewa kulala miaka yote hii. Lala sasa. Umande wa kesho una mtu.