Mwalimu Nasipwondi na Bundi wa Dari Hii

Mchungaji, wazee, majirani wa Kawangware na nyinyi mliotoka Kibera, mimi ni Maurice, kaka yake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake kabla basi halijaondoka saa nane kwenda Shinyalu. Tarehe nitazisoma polepole, kwa sababu leo zina kazi.

Immaculate Nasipwondi alizaliwa tarehe 9 Aprili 1982 huko Chwele, Bungoma, akaletwa Nairobi mwaka 1988 baba alipopata kazi ya useremala na tukapanga chumba Mashimoni, Kibera. Alisoma shule ya msingi huko huko Kibera kuanzia 1989 hadi 1996, na ni katika miaka hiyo alipofuga viluwiluwi vya mbu ndani ya gilasi ya baba, chini ya kitanda, akitaka kujua mbu hutoka wapi, akajua, na sisi sote tukajua, mama akamchapa sawasawa, lakini kesho yake alikuwa mtaroni na gilasi nyingine. Sekondari alimaliza Bungoma mwaka 2000, akasomea ualimu kuanzia 2002 hadi 2004.

Tarehe 18 Desemba 2004 alifunga ndoa na Shivachi, fundi wa kuchomelea vyuma, mwenyeji wa Shinyalu, wakajaliwa Marion, tarehe 2 Machi 2006, na Billy, tarehe 30 Julai 2010.

Alifundisha sayansi Lindi, kule Kibera, tangu 2005, kisha mwaka 2012 akaja kwenye shule hii inayotumia ukumbi huu wa kanisa, na mtoto akimuuliza kitu hakumjibu, alimwambia, "Twende tukaone," wakaenda, iwe ni mtaroni, kwenye nguzo ya stima au kwa fundi wa simu, na nyinyi wazazi mliokuta redio zenu zimefunguliwa mezani mnajua nasema nini.

Tarehe 11 Juni 2024 madaktari walimpata na saratani ya matiti, akaanza matibabu, akifundisha siku alizoweza. Tarehe 20 Februari 2025 bundi wawili walihamia juu ya dari hii mnayoketi chini yake. Naomba mhesabu wenyewe, ugonjwa ni Juni, bundi ni Februari iliyofuata. Wengine walitaka wafukuzwe siku hiyo hiyo, yeye akawapa watoto kazi ya kuokota yale madonge ya manyoya ambayo bundi huyatapika, wakayachambua kwa vijiti juu ya gazeti, mpaka mmoja akauliza, "Tichee, hii si ni kichwa ya panya?" na tangu hapo darasa zima likajua ni nani anayetupunguzia panya mtaani.

Mwezi wa Agosti makinda yalitoka mayaini, na ndio huo mkoromo mnaousikia juu sasa hivi, na wakati huo dada yangu hakuweza tena kusimama. Jirani mmoja alimjia kitandani akamwambia, "Mwalimu, hiyo ndege inakuita." Alimjibu kwamba ilikuwa inaita watoto wake, kisha akaomba ageuzwe upande wa pili. Aliaga dunia hospitalini alfajiri ya tarehe 6 Septemba 2025.

Tangu siku hiyo maneno yamekuwa mengi. Nimeambiwa usoni kwamba basi likishapinda kona, dari itafukizwa moshi na makinda yatashushwa kwa fimbo, na waliosema wako humu ndani, mmoja amevaa kitambaa cha msiba kama mimi. Siwataji. Mimi mwenyewe bundi simpendi, akilia navuta blanketi, lakini dada yangu aliuawa na saratani, inaniuma kusikia vingine, na makinda hayo yamebakiza kama mwezi mmoja tu yaruke.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake waliomshikia vipindi, na majirani wote mliopika na kuteka maji, hata nyinyi mnaongoja tuondoke, kwa sababu nanyi mliteka, tuliwaona.

Limebaki jambo moja, na wazee wa Shinyalu hawajalisikia. Marion, kifungua mimba wake, hatapanda basi. Kwetu mtoto kukosa kumtupia mama yake udongo ni jambo zito, tumembembeleza, tumemkaripia, baba yake amekataa mara mbili, naye anajibu lile lile, "Mama ako na nyinyi wote. Hawa nikiwaacha hawana mtu." Leo asubuhi Shivachi amemvalisha koti lake mwenyewe na kumpa ufunguo wa ukumbi. Basi atakayekuja na moshi atamkuta mlangoni msichana wa miaka kumi na tisa ambaye hakumzika mama yake, na amweleze yeye, uso kwa uso, mama yake aliuawa na nini.

Dada Nasipwondi, twende nyumbani, pumzika kwa amani, zamu ameishika Marion.