Kura ya Mama Moustapha

ZUBERI: Allô? Ni nani uyu?

ZAITUNI: Njo miye, yaya. Zaituni, mudogo yako. Salaam alekum.

ZUBERI: Wa alekum salaam. Réseau ya huku Mulongo ni mbaya, sema na nguvu. Uko wapi?

ZAITUNI: Hapa Kamina, ku masomo fasi banapigia kura. Niko mu rang, mu mustari ya kura.

ZUBERI: Ya kura? Mais jana ulisema hauendi.

ZAITUNI: Nilisema. Asubuhi nikavaa tu, nikakuja.

ZUBERI: Rudia ku nyumba. Bale ba députés ba bunge hawana nguvu. Umesahau? Kalala, député yetu, aliuliza ministre mu parlement juu ya mutoto yetu —

ZAITUNI: Mutoto yangu, yaya.

ZUBERI: Ndiyo. Yako. Aliuliza mbele ya bantu bote. Ministre hata kukuja hakukuja.

ZAITUNI: Nilisikia mu radio. Alisema Moustapha wa Kamina, mufundi ya soudure, ya kuunga byuma, eko mu cachot, mu kifungo, na hakuna juge wa kumuhukumu amemuona. Tulichinja kuku siku ile. Nikafua suruali yake —

ZUBERI: Allô? Inakatika...

ZAITUNI: — nilifikiri bakisha kusema mu parlement, imeisha, anatoka. Nikabeba suruali mpaka ku mulango ya cachot. Baaskari bakacheka. Bakasema ufunguo ya hapa haiko ku parlement.

ZUBERI: Njo ile ninakuambia. Hata bao banajua.

ZAITUNI: Na Bolingo, mwenye anataka kiti ya Kalala, anagawa sukari na bakofia. Hapa mu rang bantu banasema paka yeye tu.

ZUBERI: Muache apite. Bote ni bamoja. Weye rudia —

ZAITUNI: Nikarudie kufanya nini? Niambie, yaya. Nilienda ku juge, ku imam, ku commandant. Hakuna tena kwa kuenda. Nimechoka mpaka hata kulala siwezi.

ZUBERI: [kelele ya réseau] ...usilie mbele ya bantu, Zaituni.

ZAITUNI: Silii. Bananiita. Banataka carte yangu ya kura.

ZUBERI: Kalala hatamutoa mutoto. Unajua vile.

ZAITUNI: Ninajua. Mais Kalala akianguka mu kura, mwenye atakuja ataniuliza, Moustapha njo nani. Nitaanza upya kueleza kama nilizala mutoto, jina yake ni hii. Yaya, sitaweza.

ZUBERI: Carte unayo mu mukono?

ZAITUNI: Ninayo. Yaya, ba unités za simu zinaisha. Unisalimie Djamila, bibi yako.

ZUBERI: Basi ingia, umupe Kalala kura. Zaituni? Ingia, ninasema —

[Simu imekatika.]