Nusu Yangu Ilikuwa Nyuma ya Zizi

Ndugu zangu, mnivumilie nishike hii meza kidogo. Sijazoea kusimama mbele ya watu, na hili ninalotaka kusema bado linanishangaza mwenyewe.

Wengi wenu mnakijua kipande chetu kule mteremkoni Oldeani. Zamani kilikuwa msitu, mdogo lakini msitu wa kweli, wenye miringaringa ambayo hata baba mkwe aliikuta. Mume wangu alipougua tukaikata, mti mmoja mmoja, mbao zikalipa hospitali. Sijutii. Hakupona, tukamzika pale pale, chini kidogo ya nyumba.

Masika yaliyofuata maji yakachimba korongo. Makorongo yetu ya Karatu mnayajua, likianza halina adabu. Kila mvua lilipanda likila udongo kuelekea kaburini, nami nakaa mlangoni nalisikia likinguruma. Shemeji yangu akaniambia, "Shemeji, hama. Na marehemu tumhamishe kabla maji hayajamchukua."

Nikamjibu, "Mtu akizikwa mara moja inatosha." Nilisema kwa ukali, lakini nilikuwa naogopa sana.

Ndipo ukaitishwa mkutano wa kijiji. Bwana miti akaeleza kwamba serikali inawasaidia wenye misitu midogo kuirudisha: yenyewe inatoa nusu, mwenye shamba anatoa nusu. Niliposikia nusu nikajifunga kanga yangu nikaondoka. Nusu ya nini, na mimi nina ng'ombe wawili na korongo?

Kesho yake bwana miti akaja nyumbani. Akalitazama korongo. Halafu akazunguka nyuma ya zizi, akaniita. "Mama, hii ni nini?"

Nikaona aibu. Mnajua sisi na ng'ombe wetu, samadi inasukumwa nyuma miaka nenda miaka rudi. Rundo lilikuwa refu kuliko mimi, nyasi zimeota juu yake. Nikasema, "Baba, ni mavi ya ng'ombe. Nisamehe, sina mtu wa kuyatoa."

"Usiyatoe popote. Miche inataka samadi, na makinga maji ya mawe yanataka mikono. Nani alikwambia nusu yako lazima iwe hela?"

Ndugu zangu, nawaambia, nilicheka mpaka nikalia. Miaka yote hiyo nilikuwa napita kando ya mchango wangu nimeziba pua.

Mikono ikawa yenu. Akina mama wa jumuiya hii mlikuja na majembe. Ndugu yetu Mwislamu, mwenye duka kule mjini, akaleta gari lake kusomba mawe, akakataa hata pesa ya mafuta. Nikapika makande tukala mteremkoni. Shemeji alichimba kuliko wote, huku akinung'unika kwamba tunapoteza muda. Kiangazi kikaua miche mingi, bwana miti akaleta mingine, tukapanda tena, na miaka kadhaa ikapita.

Sasa sikilizeni. Masika haya ilikuja ile mvua kubwa mnayoikumbuka. Nikasimama mlangoni kungoja ngurumo. Nikangoja. Sikusikia kitu, ila mvua juu ya majani.

Nikashuka hadi korongoni. Maji yalikuwa yanapita taratibu, maangavu, hayakubeba udongo, yakizunguka miti iliyokwisha kunipita kimo. Nikavua viatu. Sijui kwa nini, niliona tu kwamba pale si mahali pa kusimama na viatu. Nikasema, Mungu wangu, kumbe ulikuwa unanitazama.

Nawashukuru nyote mlioshika jembe. Namshukuru bwana miti, na serikali pia, ambayo mnajua huwa naisema. Ninalowaachia ni dogo: ukiambiwa utoe nusu, usikimbie kama mimi. Zunguka kwanza nyuma ya zizi lako.

Na wewe shemeji, nakuona umekaa pale nyuma umeinamisha kichwa. Mringaringa wa kwanza umechanua, maua meupe yanaangukia kaburi la kaka yako. Njoo Jumapili tukae naye. Hahami tena.