Nani Anaihurumia Mashine ya Zagabe?

Pale Nguba, Bukavu, barabara inapokata kona kuteremkia ziwani, kuna benchi la mbao lililoegemea ukuta wa duka la Maman Constance. Mbele yake kuna thermos ya kahawa, nyuma yake kuna prise ya kuchajia simu, na juu yake hukaa watu ambao hakuna jambo la dunia hii lisilowahusu. Yupo Papa Anaclet, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye sasa ni Directeur wa benchi. Yupo Placide, muuza mitumba, ambaye hajawahi kupigiwa kura hata na mke wake, lakini anaitwa Sénateur. Na mchana ule alikuwapo Zagabe, roho juu, kompyuta mapajani. Kesho yake asubuhi alikuwa atetee mémoire yake, tasnifu ya kumalizia chuo, mbele ya maprofesa, na kompyuta ile ilikuwa na ugonjwa mbaya: ukiiunganisha na projecteur ya kuonyeshea ukutani, inazimika hapo hapo.

— Ni ile Linux yako njo inaiua, alisema Sénateur. Nilikuambiaka! Machine bila Windows ni sawa mutoto bila batizo.

— Linux haina kosa, alijibu Zagabe. Kosa iko mu firmware.

Akaeleza, kwa mara nyingine tena, kwamba firmware ni ile programu ndogo inayoiamsha mashine kabla ya kitu kingine chochote. Mtengenezaji alikwisha kuirekebisha zamani, ila dawa aliwapa watu wa Windows peke yao; wa Linux wakajijua wenyewe. Basi asubuhi ile, bila kuombwa, ujumbe ukajitokeza kwenye skrini: mise à jour ya firmware, yaani toleo lililorekebishwa, ipo, hata kwa Linux, imetoka kwa mtengenezaji mwenyewe, bonyeza hapa. Zagabe aliruka kwa furaha. Kisha akafanya kosa lake la kwanza: akaja kuomba ushauri kwenye benchi.

— Ngoja, alisema Directeur, akiweka kikombe chini. Ile machine uliipata wapi?

— Occasion, Papa. Ya mukono ya pili, ku soko.

— Basi fabricant, ule aliitengeneza, hakujue weye. Mutu hakujue, na anakutumia dawa bure? Juu ya nini?

— Labda beko batu bazuri.

— Mutu muzuri anatumaka facture ya kulipa!

Sénateur alisogea karibu, akashusha sauti kama anayetoa siri ya serikali.

— Miye najua. Batu ba Windows beko bengi, beko na makelele, banapewa dawa banyamaze. Ba Linux beko kidogo, tena banajificha. Sasa banatafutwa. Ukibonyeza tu, kule ng'ambo taa inawaka: Bukavu, Nguba, Zagabe, benchi ya Maman Constance.

— Na kahawa yangu itaonekana? aliuliza Maman Constance, akikaza kitambaa chake kichwani. Wazo lile halikumchukiza hata kidogo.

— Hapana, hapana, alisema Directeur. Siri iko mu dhahabu. Ndani ya machine kuko dhahabu, si njo vile? Labda ni ya kwetu, ya migodi ya Luhwindja. Imefika huku, imesikia hewa ya kwao, imeanza kusumbua. Fabricant ameogopa, njo anatuma dawa mbio mbio.

— Papa, dhahabu haisikiaka hewa!

— Weye unasoma, lakini haujue.

Zagabe alicheka, kisha akapima mambo. Asipobonyeza, kesho mashine itamzimikia mbele ya maprofesa, na mbele ya mama yake aliyekwisha kushona kitenge kipya kwa ajili ya siku hiyo. Akibonyeza, na kazi ikakatika katikati, mashine inaweza kugeuka jiwe. Alichomeka waya kwenye prise, akahakikisha betri imejaa, akafumba macho, akabonyeza.

Skrini ikawa nyeusi. Ukatokea mstari mweupe, ukaanza kutambaa polepole, na chini yake maneno: usizime, usichomoe.

Mara taa ya mlangoni ikapepesa. Mtu wa Bukavu haambiwi maana yake. Umeme ukianza kucheza, utaondoka, na ukirudi utarudi na hasira, uunguze friji na televisheni. Mtaa mzima ukapiga kelele watu wachomoe nyaya: "Tosheni! Tosheni!" Na Directeur, ambaye maisha yake yote hajawahi kuchelewa kuitikia wito huo, akauchomoa waya wa Zagabe kwa mikono miwili.

— Papa! Usitoshe!

— Nimekuokolea machine!

Mstari ukasimama. Kisha ukapotea kabisa, skrini ikabaki giza.

Hapo ndipo alipofika Aurore, mtoto wa dada yake Maman Constance, akitoka mtaa wa Kasha na beseni la mandazi. Aliwakuta wanaume wameizunguka kompyuta kama wako matangani. Mama yake mdogo akamnong'oneza habari yote. Aurore akamtazama Zagabe kwa huruma.

— Pole, kaka. Ile mémoire, uliikopia na fasi ingine?

Zagabe alitikisa kichwa. Directeur aliutazama waya mkononi mwake. Sénateur aliinua kikombe kitupu.

— Maman, ongeza kahawa.

— Imeisha.

Ndipo mashine ikalia tii, ikajiwasha yenyewe kwa betri, ikaandika kwamba mise à jour imefaulu. Mémoire ilikuwapo, na ukurasa wa kwanza, wa shukrani, ulikuwa na jina la mama yake.

Benchi lililipuka kwa shangwe. Directeur alikuwa tayari anamweleza Aurore jinsi alivyoiokoa mashine. Zagabe hakushangilia. Alinyoosha kiganja.

— Flash! Nani iko na flash ya kukopia mémoire?

Sénateur alikohoa. Taratibu akatoa funguo zake shingoni, na katikati yake ilining'inia flash ndogo nyekundu.

— Lakini imejaa.

— Imejaa nini?

— Ma affiche ya kubandika ku kuta, alisema kwa sauti ya chini. Ya campagne yangu.

Hakuna aliyecheka. Hawakujua kwamba jina lile la utani alilichukua kwa dhati namna hiyo. Sénateur akaiweka flash kiganjani mwa Zagabe, akamfumba vidole.

— Futa yote. Uchaguzi iko mbali. Weye uko na kesho.