Mgeni Aliyealikwa Mara Kumi

Mgeni rasmi, Mzee Faridi, prezida wa ushirika wa wavuvi; Mama Kankindi, mshauri wetu; wazazi wetu: amahoro, na karibuni chumbani kwetu.

SALAMU

Tunakushukuru kwa kuwahi. Tulikuandikia saa nane, ukafika saa saba na nusu, tena umevaa koti, kwa jua hili la Rumonge! Tumekuona ukijipepea kwa barua yetu ya mwaliko. Tumefurahi imepata kazi.

HISTORIA YETU

Sisi ni vijana kumi na mmoja ambao hasira, kilio au woga hutupanda ghafla kama maziwa jikoni. Hapa hatulazwi. Tunakuja siku nne kwa wiki, saa nane mpaka saa kumi na moja, kwa wiki kumi. Jioni tunarudi kulala kwetu, kwa watu walewale tuliogombana nao asubuhi. Sokoni wanasema, "Kule iko shule ya wendawazimu." Hatukukasirika. Ndicho tunachofundishwa.

Tunafundishwa kwamba kabla hujafanya lolote, utaje kwa jina kinachokuuma, kisha ukipe namba kuanzia sifuri hadi kumi. Ikivuka saba, pale pembeni pana beseni la maji baridi ya ziwa. Unazamisha uso, unabana pumzi, moyo unarudi mahali pake.

MAFANIKIO

Ni mengi, tutataja yanayotajika. Nestori, aliyekuwa akipiga kuta ngumi, mikono yake imepona yote miwili. Mwezi uliopita mbuzi aliingia humu akala daftari zetu mbili, akatoka salama. Beseni letu limekwisha kutumiwa pia na mama wawili, mwalimu mmoja, na kondakta wa basi la Nyanza-Lac aliyekuja kuuliza njia tu.

Naye anayewasomea risala hii, Mwasiti, mwenye miaka kumi na sita, alikuja kwetu akiwa namba tisa kila siku. Sasa ni nne. Isipokuwa siku za Alhamisi.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, huu ni ukurasa wa pili, na Mwasiti hajauona. Tulimwambia unahusu viti. Mwasiti, usiruke mstari. Nestori ana nakala na anafuata kwa kidole. Lakini ukitaka kuacha, weka karatasi mezani. Tutapiga makofi, tutakunywa fanta, na hakuna atakayekuuliza kitu.

Ukisikia sentensi hii, mgeni rasmi, ujue amechagua mwenyewe kuendelea.

Ni kweli, changamoto yetu ni viti. Alhamisi ni siku ya wazazi, na kila mmoja wetu huweka kiti kando yake kwa ajili ya yule hasa aliyekosana naye. Wiki tisa kiti cha Mwasiti kimekaliwa na mkoba wake. Mama yake amekuja mara zote tisa akaketi nyuma, kwa sababu anajua kiti hicho si chake. Baba yake aliitwa mara tisa. Majibu yake tunayo: "Mimi siko mugonjwa." "Niko na kazi ya boti." "Kule si wanalia tu?"

Tukaketi tukafikiri. Baba huyu hajawahi kukataa kuwa mgeni rasmi. Alikata utepe wa choo cha soko, akahutubia dakika arobaini. Basi tukaandika barua ya heshima, tukamwomba Mama Kankindi aigonge muhuri. Akaugonga, akageukia dirishani, mabega yakimtikisika. Tumesikia kwamba barua ilipokufikia uliuliza jambo moja tu, kuhusu muhuri: "Iko na kashe?"

Ndiyo, mgeni rasmi. Baba huyo ni wewe. Beseni liko kushoto kwako.

Hatukuja kumtetea mwenzetu kwa uongo. Ulisoma alama zake za mtihani mbele ya wanunuzi wa samaki wa ndagala, wakacheka. Yeye akashuka ufukoni akafungua kamba ya boti lako, upepo ukalichukua mpaka Kigwena, na likarudi bila taa zake mbili. Kosa lilikuwa kubwa, na watu wengi walitegemea boti lile. Alikuomba msamaha kwa magoti. Ila tangu siku hiyo, miezi mitano sasa, hujamwita jina. Amekuwa "huyo". "Mwambie huyo alete maji." "Huyo amekula?"

Hilo la mwisho tumelishika sana. Mtu asiyejali haulizi nani amekula.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi saba: feni, daftari za kufidia zile za mbuzi, na kadhalika. Mama Kankindi akasema mwenye maombi saba huahidiwa yote. Tumebaki na moja.

Kesho Mwasiti anamaliza wiki zake kumi. Mwenzetu mmoja alimaliza kiti chake kikiwa kitupu. Mwezi haukwisha, akarudi kwetu akiwa tisa. Tunaogopa, mgeni rasmi. Huyu tunampenda, na hatutaki kumwona tena humu.

Leo ni Alhamisi. Bila shaka umejiuliza kwa nini hatukuweka meza kuu. Kiti ulichokalia ndicho hicho. Mkoba tuliutoa kabla hujafika. Kilicho kitupu kando yako ni cha msomaji.

Desturi ni kwamba risala ikiisha, mgeni rasmi husimama akajibu. Tunakuomba usisimame, na hotuba uliyoleta mfukoni ibaki mfukoni. Msomaji atakuja kuketi. Wewe sema neno moja tu. Unalijua, maana ndiwe uliyelichagua siku alipozaliwa.

Mungu azijaze nyavu zako, awarudishe salama wote wanaoingia ziwani, na aipe nyumba yako sauti za kuitana.

Ni sisi,
Kundi la Saa Nane, Rumonge.

Imesomwa na: (hapa tunamwachia mgeni rasmi ataje).